Mahame Yasiyo na Mawe: Funzo la Nalanda kwa Historia ya Simiyu

Neno ikulu, ambalo leo kila Mtanzania hulitumia kwa makao ya Rais, asili yake ni Unyamwezi na Usukuma, na maana yake ya kwanza ni boma la mtemi. Neno limepanda daraja, bali mahali penyewe pamesahauliwa. Mgeni akifika Bariadi, au akivuka mto Simiyu kwenda upande wa Maswa na Meatu, akauliza zilikuwa wapi ikulu za kale za Ntuzu, za Kanadi, za Dutwa au za Itilima, hataonyeshwa ukuta uliobomoka wala nguzo iliyoanguka. Huenda akaonyeshwa shamba la pamba, au safu ya minyaa isiyozunguka nyumba yoyote, au mwinuko wa ardhi chini ya majabali. Na akiwauliza wazee wawili wa koo mbili, huenda akarudi na majibu mawili.

Kwa sababu hiyo wako watu waliokata shauri kwamba nchi ya namna hiyo haina mambo ya kale yanayostahili kutafutwa. Husema kwamba pwani iko Kilwa na iko Gedi, na Bara Hindi iko Nalanda na iko Sanchi. Lakini Usukuma kuna nini? Swali hili si la kupuuzwa, na linastahili kujibiwa kwa utaratibu. Njia iliyo bora ya kulijibu ni kutazama kwanza jinsi hao wenye mawe walivyoyapata mawe yao. Maana ni kosa kudhani kwamba Nalanda ilisimama wazi miaka yote ikimngoja mtu apite na kuitambua.

Dini ya Buddha ilianza katika bonde la mto Ganga yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, na kwa muda wa zaidi ya miaka 1,500 watawa wake walijenga makao yao katika nchi ile, mengine madogo ya kujikinga na masika, mengine makubwa yenye maelfu ya wanafunzi. Ilipofika karne ya 13 dini hiyo ilikuwa karibu kutoweka katika nchi iliyoizaa. Makao yakabaki matupu, vifusi vikaota miti, na majina yakabadilika. Matofali yalichukuliwa na kila aliyetaka kujenga. Mwaka 1794 watu wa Jagat Singh, mkubwa mmoja wa Benares, walibomoa stupa nzima huko Sarnath ili wapate vifaa vya kujengea soko. Sanamu za Buddha zilizoinuliwa na jembe ziliwekwa chini ya miti na kuheshimiwa na wanavijiji kwa majina ya miungu mingine. Mapema katika karne ya 19 Francis Buchanan alifika katika kijiji cha Baragaon, huko Bihar, akaona vilima virefu vya matofali, akaviandika habari zake kwa uangalifu. Lakini hakujua kwamba alikuwa amesimama juu ya Nalanda.

Ufunguo haukupatikana Bara Hindi, ulitoka Uchina. Zamani mahujaji wa Kichina walikuwa wakisafiri kwenda kuzuru mahali alipoishi Buddha na kutafuta vitabu vya dini yao. Faxian alisafiri kati ya miaka 399 na 414. Xuanzang aliondoka kwao mwaka 629 na kurudi mwaka 645, naye alikaa Nalanda akisoma. Wote wawili waliacha maandishi yanayotaja miji, makao ya watawa, na umbali wa kutoka mahali hapa mpaka mahali pale, na upande wa safari. Habari za Faxian zilitolewa kwa Kifaransa mwaka 1836, na za Xuanzang zikatolewa na Stanislas Julien mwaka 1857 na 1858. Ndipo Alexander Cunningham, mhandisi wa jeshi la Waingereza aliyekuwa amekwisha kuchimba Sarnath katika ujana wake, akatambua kwamba kitabu cha hujaji kinaweza kutumiwa kama ramani. Mwaka 1861 aliteuliwa kuwa mpimaji wa mambo ya kale, akaanza kuzifuata nyayo za Xuanzang kwa miguu na kwa tembo, kijiji baada ya kijiji. Akapima umbali kutoka Rajgir kuelekea kaskazini kama ulivyoandikwa, akafika Baragaon, akasema: hapa ndipo Nalanda. Wachimbaji wa serikali walifanya kazi pale kuanzia mwaka 1915 mpaka 1937, wakafukua makao ya watawa na mahekalu katika safu mbili, na mihuri ya udongo yenye jina la Nalanda. Mwaka 2016 mahali hapo pakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mtu mmoja mwenye kitabu mkononi. Lakini ikitazamwa vizuri, inafundisha mambo mengine matatu ambayo ni ya thamani zaidi kwa mtafutaji wa nchi isiyo na vitabu.

La kwanza ni kwamba kutambua si kuthibitisha. Mwaka 1863 Cunningham alisema kwamba mahame ya Saheth na Maheth ndiyo mji wa Sravasti na makao ya Jetavana, ambako Buddha alikaa misimu mingi ya mvua. Wengine walimpinga, wakautafuta mji huo kwingine. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka arobaini, mpaka mwaka 1908 ilipofukuliwa pale Saheth hati ya shaba ya mfalme Govindachandra wa Kanauj, ya mwaka 1130, inayowapa watawa wa Jetavana mapato ya vijiji kadhaa. Cunningham alikuwa amekufa tangu mwaka 1893. Alikuwa amesema kweli, lakini ukweli wake ulibaki dhana mpaka ardhi yenyewe iliposema. Na si mara zote alisema kweli. Makao makuu ya Vikramashila, yaliyojengwa na wafalme wa Pala, aliyadhani kuwa yalikuwa Silao, si mbali na Nalanda. Wengine wakataja mahali pengine. Hatimaye ni vilima vya Antichak, katika wilaya ya Bhagalpur, kando ya Ganga, vilivyochimbwa na Chuo Kikuu cha Patna kuanzia mwaka 1960 mpaka 1969, na baadaye na idara ya serikali kati ya mwaka 1972 na 1982. Yakaonekana makao ya mraba yenye vyumba 208 kuzunguka stupa kubwa. Mtu hodari anaweza kukosea, na kosa lake halimwondolei heshima maadamu ameonyesha njia aliyoipita mpaka akafikia neno lake.

La pili ni uaminifu. Katika miaka ile ile ya utafutaji alikuwako mtumishi mmoja wa idara hiyo, Alois Anton Führer, ambaye alihusika na kuonekana kwa nguzo ya mfalme Ashoka huko Lumbini mwaka 1896, mahali alipozaliwa Buddha. Nguzo ile ilikuwa ya kweli na imebaki kuwa ya kweli. Lakini Führer hakutosheka. Akaandika habari za stupa na maandishi ambayo hayakuwako, akatoa na masalio ya uongo kwa mtawa wa Burma. Mwaka 1898 alilazimika kuacha kazi. Mwaka uliofuata Purna Chandra Mukherji alitumwa kwenda kupima upya nchi ile, na ikawa sehemu ya kazi yake kuondoa uongo kabla ya kuanza kutafuta kweli. Hata leo swali la mahali ulipokuwa mji wa Kapilavastu, alikokulia Buddha, lina majibu mawili: Tilaurakot, upande wa Nepal, na Piprahwa, upande wa India. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande una fahari yake. Na fahari ni mshauri mbaya wa mtu anayesoma ushahidi.

La tatu ni watu wenyewe. Husemwa kwamba Nalanda iliteketezwa yote mara moja yapata mwaka 1200, katika mashambulio ya Bakhtiyar Khalji. Lakini mtawa wa Tibet aitwaye Dharmasvamin alifika pale miaka thelathini na zaidi baadaye, akamkuta mwalimu mzee, Rahula Sribhadra, aliyepita umri wa miaka tisini, akiwafundisha wanafunzi wapatao sabini katikati ya majengo yaliyoharibiwa. Elimu ile haikufa siku moja. Ilikufa na wazee wake, mmoja mmoja, kwa kukosa wa kuipokea. Na baada ya hapo wanavijiji wa Baragaon, ambao hawakujua jina la Nalanda, waliendelea kuzihifadhi sanamu kwa namna yao. Wasingekuwako wao, mengi zaidi yangalipotea kabla ya Cunningham kuja.

Kabla ya kurudi Simiyu ni vyema kupita pwani, kwa kuwa pale mawe na maandishi vimekutana, na kukutana kwake kumeleta funzo lisilotazamiwa. Kilwa ina tarehe yake iliyoandikwa. Mreno João de Barros aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu ilipatikana Zanzibar katika karne ya 19. Ina pia shahidi mgeni, Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960 alikuwa na maandishi hayo mkononi, kama Cunningham alivyokuwa na Xuanzang. Katika jumba la Husuni Kubwa likaonekana jiwe lenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha Ibn Battuta. Lakini kuhusu mwanzo wa ufalme, Chittick alikataa hesabu ya tarehe, akasema kwamba Ali bin al-Hasan, aliyehesabiwa kuwa wa karne ya 10, hakutawala mpaka mwisho wa karne ya 12. Wengi wakamfuata. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu huko Mtambwe Mkuu, Pemba, na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zikaonekana pamoja na dinari za karne ya 11. Hesabu ikabidi kurudishwa nyuma tena. Basi mapokeo hayakuwa kweli tupu, wala hayakuwa uongo mtupu.

Lakini jambo kubwa zaidi kwa shabaha ya insha hii lilionekana Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mark Horton alichimba pale kati ya mwaka 1980 na 1988, akauchunguza msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe. Chini ya sakafu yake akaona alama za misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Ile ya kwanza haikuwa ya mawe, ilikuwa ya miti, na ya zamani kabisa ilikuwa ya karne ya 8. Miti yenyewe ilikuwa imeoza kabla ya babu za babu kuzaliwa. Kilichobaki ni mashimo ya nguzo: duara za udongo wenye rangi nyingine na ulaini mwingine, ambazo mchimbaji mwenye haraka angezikata kwa sururu asijue. Kwa duara hizo tu ukubwa wa msikiti ukajulikana, na upande ulioelekea, na mara ngapi ulijengwa upya.

Hapo ndipo hoja ya wasemao kwamba Usukuma hakuna kitu inapoanguka. Ikiwa nyumba ya miti ya karne ya 8 imeacha alama katika mchanga wa pwani, hakuna sababu ya kusema kwamba ikulu ya miti ya karne ya 18 au ya 19 haikuacha alama katika udongo wa Ntuzu. Tofauti ni kwamba Shanga mawe yalimwita mchimbaji. Simiyu hayupo wa kumwita ila mapokeo ya watu na dalili za ardhi.

Nchi yenyewe ni ya tambarare na vilima vya majabali. Mito ya Simiyu na Duma huiteremkia kuelekea Ziwa Victoria. H. M. Stanley alipofika kando ya ziwa mwezi wa Februari mwaka 1875 aliuandika mto huo kwa jina la Shimeeyu, akauhesabu kuwa chanzo cha kusini cha mto Nile. Zamani za Waingereza sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa katika Wilaya ya Maswa. Baadaye ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2012 ukaanzishwa Mkoa wa Simiyu wenye makao makuu Bariadi. Majina ya utawala yamebadilika mara nyingi. Lakini mtu wa Bariadi bado huitwa Mnyantuzu, kwa jina la utemi uliofutwa pamoja na temi zote nchini mwaka 1963.

Usukuma wote ulikuwa na temi zaidi ya arobaini. Neno mtemi husemwa kuwa latokana na kutema, na wengine hueleza kuwa ni kutema msitu, yaani kuifungua nchi, wengine kuwa ni kukata shauri. Ikulu haikuwa nyumba ya mfalme tu. Palikuwa mahali pa ngoma za utemi, pa mashauri, na pa matambiko ya mvua, na hapo ndipo walipokuwa banang'oma, wazee wenye amri ya kumchagua mtemi na kumsimika. Kwa hiyo anayetafuta ikulu ya kale hatafuti makao ya mtu mmoja. Anatafuta mahali ambapo nchi ilijiona kuwa nchi moja. Hii ndiyo sababu ya utafutaji huo kustahili taabu yake, kama vile makao ya watawa yalivyostahili taabu ya watu wa Bara Hindi.

Kazi haianzii patupu. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyetumikia serikali ya Tanganyika, alitoa mwaka 1951 kitabu juu ya mazishi, uchaguzi na usimikaji wa mtemi wa Kisukuma, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. D. W. Malcolm alitoa mwaka 1953 kitabu juu ya Usukuma, watu wake na ardhi yake. Buluda Itandala aliandika tasnifu ya mwaka 1983 juu ya historia ya Wabinza, mojawapo ya koo zilizotawala sehemu mbalimbali za Usukuma, akijaribu kupanga vizazi vya watawala kwa miaka. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement na Wasukuma aliofanya nao kazi walikusanya ngoma na vifaa vya temi, na vitu hivyo vimetunzwa katika makumbusho ya pale. Maofisa wa wilaya nao waliandika orodha za watemi katika vitabu vya wilaya.

Lakini maandishi hayo yote yanataka kusomwa kwa jicho lile lile lililosoma tarehe ya Kilwa. Orodha nyingi ziliandikwa wakati ambapo serikali ilikuwa ikitafuta nani ana haki ya kutawala, na mtu aliyeulizwa babu zake mbele ya ofisa alijua kwamba jibu lake lina faida au hasara. Tena zamani utemi katika sehemu nyingi za Usukuma ulifuata upande wa mama, ukaja kugeuka kufuata upande wa baba. Orodha inayosema kwamba kila mtemi alikuwa mwana wa aliyemtangulia huenda imeinyosha njia iliyokuwa na kona nyingi. Hesabu ya miaka ikijengwa juu ya orodha kama hiyo bila ushahidi mwingine, yaweza kukosea kwa kizazi kizima au zaidi.

Ushahidi huo mwingine uko ardhini. Mara nyingi mtemi mpya alijenga ikulu mpya, hata utemi mmoja ukawa na mahame kadhaa, na hili laeleza kwa nini wazee wawili huonyesha mahali pawili bila mmoja wao kusema uongo. Mahali penyewe pana dalili. Minyaa iliyopandwa kuwa ua huendelea kuishi baada ya nyumba kuanguka. Vigae vya vyungu na mawe ya kusagia hubaki juu ya ardhi. Wasukuma hujua aina za udongo kwa majina yake, luseni ya kichanga na mbuga nyeusi, na mkulima huona upesi palipo na udongo usiofanana na wa jirani yake. Na dalili iliyo bora katika nchi ya wafugaji ni zizi. Mwaka 2018 wataalamu waliochunguza mahame ya wafugaji wa kale kusini-magharibi ya Kenya walionyesha kwamba samadi ya mazizi yao iliacha udongo wenye rutuba kuliko ule unaouzunguka, na tofauti hiyo ilikuwa ikionekana bado baada ya miaka 1,500 mpaka 3,700, hata katika picha zilizopigwa kutoka angani. Ikiwa kambi ya wafugaji imeweza kudumu hivyo, boma la mtemi mwenye ng'ombe wengi laweza kusomwa baada ya miaka mia mbili.

Hata hivyo wakati haungoji. Mambo matatu yameifuta ramani ya kale katika Simiyu kwa muda usiozidi maisha ya mtu mmoja. Kilimo cha pamba, kilichoenea sana katika miaka ya 1950, kiliyageuza malisho na vichaka kuwa mashamba, na jembe la ng'ombe na trekta hupindua juu chini yale mashimo ya nguzo ambayo ndiyo maandishi pekee ya ikulu. Kufutwa kwa utemi mwaka 1963 kuliondoa ile kazi iliyowafanya wazee kuyakumbuka mahali na majina. Kisha mwaka 1974, katika operesheni ya vijiji, watu walihamishwa kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja kando ya barabara. Shabaha yake ilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati. Lakini kijana aliyezaliwa baada ya hapo hakupita tena kila siku kwenye mahame ya babu yake ili aambiwe jina la mti na jina la jiwe. Wanaokumbuka nchi ilivyokuwa kabla ya mwaka huo sasa ni wazee, na kila mwaka idadi yao hupungua. Hali yao haiko mbali na ya Rahula Sribhadra katika magofu ya Nalanda, ila kwamba yeye alikuwa na wanafunzi sabini.

Utaratibu unaotakiwa si mgumu kueleza. Utafiti uanze na utemi mmoja, si mkoa mzima. Wazee waulizwe kila mmoja peke yake, tena waulizwe mahali penyewe, kwa kuwa miguu hukumbuka yale ambayo ulimi umeyasahau. Kila jina liandikwe kama lilivyotamkwa, na jina la msemaji liwekwe na ukoo wake, ili anayesoma baadaye ajue neno limetoka upande gani. Mahali papimwe na kuwekwa katika ramani kabla ya kuguswa. Vigae vya juu vihesabiwe. Kuchimba kuwe kwa mwisho, tena kuwe kidogo, kwa kibali cha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na kwa ridhaa ya watu wa mahali pale. Na majibu mawili yakipatikana, yaandikwe yote mawili. Saheth ilingoja miaka arobaini na mitano kupata hati yake. Hakuna aibu kwa Ntuzu kungoja.

Ridhaa hiyo si adabu tu. Katika mahame mengi yamo makaburi ya watemi, na makaburi ni mahali pa mizimu na matambiko. Bara Hindi wachimbaji wa karne ya 19 walifungua stupa, wakachukua masalio na kuyagawa, mengine yakapelekwa ng'ambo, bila kuwauliza waliokuwa wakiyaheshimu. Dunia ilipata elimu, lakini pia palitendeka dhuluma ambayo mpaka leo yadaiwa. Kuandika habari za mahali si lazima kuvichukua vilivyomo. Kaburi laweza kuwekwa katika ramani bila kufunguliwa, na baadhi ya mahali, ikiwa wenyewe wataka hivyo, paweza kuandikwa katika daftari lisilosomwa na kila mpita njia.

Liko pia jaribu la fahari. Mahali pakitambuliwa kuwa ikulu ya kwanza, ukoo mmoja hupata heshima na mwingine huona umenyang'anywa, na pengine shamba huingia katika madai. Tilaurakot na Piprahwa ni onyo la kutosha. Mwandishi wa historia ya Simiyu atashawishiwa, kwa upole au kwa ukali, aseme zaidi ya alivyoviona. Naye akikubali mara moja tu, kama Führer, hata nguzo yake ya kweli itatiliwa shaka.

Nalanda ilisahauliwa kwa miaka mia sita ikapatikana, kwa sababu hujaji mmoja alikuwa ameandika umbali wa njia. Simiyu haina Xuanzang. Ina wazee wanaoweza leo kusimama juu ya mwinuko fulani na kusema ua ulipita hapa, ngoma zilikaa pale. Maneno yao yakiandikwa sasa, mchimbaji wa miaka mia ijayo atayatumia kama Cunningham alivyotumia kitabu cha Mchina. Yasipoandikwa, duara za mashimo ya nguzo zitaendelea kuwako chini ya pamba kwa muda, mpaka jembe lizimalize, na hapatakuwa na mtu wa kujua kwamba zilikuwako.